Mwandikie Fundi wa Burnt Forest

Umeunda mashine ya kuchambua viazi kwa ukubwa, majirani zako wa Ainabkoi wamekusifu, na sasa unataka hataza. Anza kwa kufuta neno "ajabu" kila ulipoliandika. Mkaguzi wa Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya (KIPI) hatafuti ajabu, anatafuta vipimo.

Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001 inataka ueleze angalau njia moja ya kuutekeleza uvumbuzi, kwa ukamilifu na uwazi wa kumwezesha mtu mwenye ujuzi wa kawaida wa kazi hiyo kuutumia. Mtu huyo usimtafute mbali: ni fundi wa kuchomelea vyuma pale Burnt Forest, mwenye grainda, wateja wanaomsubiri, na asiye na namba yako ya simu. Mwazie akisoma: "Pipa la waya huzunguka kwa kasi inayofaa." Inayomfaa nani? Andika matundu ya waya yana upana gani mwanzoni mwa pipa na upana gani mwishoni, pipa limeinama kiasi gani, linazunguka mara ngapi kwa dakika, na kwamba likizidi hapo viazi huchubuka. Kama tope huziba matundu nawe umefunga brashi ya kuyazibua, itaje brashi, manyoya yake na mahali inapokaa. Najua hapo mkono husita, maana brashi ndiyo siri yako. Lakini mapatano ndiyo hayo: unaifichua, unapewa haki ya kuwazuia wengine kwa miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha ombi. Wala usiseme utaiongeza baadaye. Marekebisho hayaruhusiwi kuvuka yale uliyoyafichua kwenye ombi la kwanza.

Ukifika kwenye madai, tamaa itakunong'oneza uandike "mashine ya kuchambua mazao yote". Ikatae. Sawyer na Man wa Marekani walidai utambi wa balbu ya umeme uliotengenezwa kwa nyuzi zozote za mimea zilizochomwa kuwa kaboni, ilhali wao walikuwa wametumia karatasi na mbao. Edison alipekua zaidi ya aina 6,000 za mimea kabla ya kutulia kwenye mwanzi. Mwaka 1895 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliyatupa madai yao, kwa kuwa anayesoma maelezo yale angelazimika kurudia msako wote mwenyewe. Wewe umejaribu viazi. Dai viazi.

Kwenye michoro, kila sehemu ipe namba, na namba hiyohiyo uitumie katika maelezo. Kisha wasilisha ombi kabla ya kuipeleka mashine kwenye maonyesho ya kilimo ya Eldoret. Sheria ya Kenya humvumilia kwa miezi 12 mvumbuzi aliyetangulia kuonyesha kazi yake, lakini Ulaya itahesabu mashine yako kuwa si mpya tena.