Sifa za Mashine Ivujayo

Watu wa Mvita hatuna uchoyo wa sifa. Tumesifu majahazi, tumesifu maharusi, tumesifu hata pilau ya harusi ambayo hatukualikwa. Lakini mashine ya kufua inayovuja, ile iliyosimama bafuni kule Kisauni ikimwaga maji chini huku ikiyakataa juu, haijapata wa kuisemea neno jema. Asubuhi inatukanwa, adhuhuri inapigwa teke, na jioni fundi anaulizwa itapata bei gani ikiuzwa vipuri. Si haki hata kidogo. Lucian wa Samosata, mwandishi wa karne ya 2, alimtungia nzi sifa, na nzi hajapata kumfulia mtu hata soksi. Basi nami niacheni niseme langu.

Nianze na nasaba yake, kama inavyopasa. Zipo mashine zilizonunuliwa mpya, na zipo za mitumba, zilizokwisha kufulia watu Dubai au Uingereza kabla ya kushushwa Kilindini na kupandishwa mkokoteni. Inayokwenda Likoni huvuka kwa feri, imesimama baina ya magunia na miguu ya abiria, bila zile boliti za safari ambazo kiwandani hulifunga pipa lisiyumbe. Hamali hakuambiwa habari za boliti, na muuzaji alizipoteza zamani. Pipa linaning'inia kwenye springi zake. Kila tuta na kila ngazi ya feri linajigonga ubavuni. Ikifika Timbwani na kuanza kudondosha, watu husema tumeuziwa mbovu. Mimi nasema: wangapi kati yetu wamesafiri hivyo wakafika wakavu?

Zile za zamani za Uingereza zina jambo la kuzidi hilo. Nyuma zina midomo miwili, mmoja wa maji ya moto na mmoja wa baridi, maana kule nyumba zina bomba la moto ukutani. Hapa kwetu mdomo wa baridi huungwa peke yake, ule mwingine ukaachwa wazi. Mashine ikifika hatua yake ya maji ya moto husimama, ikangoja. Itangoja mpaka isha. Mwenye nyumba anasema haijazi, ilhali ni subira ambayo waja wengi hatuna. Tena inangojea maji ya moto Mombasa, mji ambao tangi jeusi la plastiki likishakaa juani hadi saa nane mchana, bomba la baridi hukuunguza vidole! Dawa yake ni kiunganishi cha matawi mawili, bomba moja likalisha midomo yote. Lakini siwaharakishi. Subira isitibiwe mbio.

Sifa yake kuu, hata hivyo, ni ukweli. Ndani ya nyumba zetu hakuna kitu kinachosema habari za maji waziwazi kuishinda. Bomba likikauka hunyamaza. Bili huja na tarakimu zake mvua inyeshe isinyeshe, na mgombea huja na ahadi zake kila baada ya miaka 5. Mashine yenyewe ikikosa maji husimama katikati ya kazi, ikawasha taa, ikalia, ikaandika kwenye kioo herufi na nambari ambazo maana yake imo kijitabuni. (Kijitabu kimo ndani ya boksi, na boksi mtoto alilifanya nyumba ya paka.) Hiyo ni taarifa rasmi, imetolewa bila mkutano wa waandishi wa habari: leo, hapa, maji hayatoshi.

Na ina haki ya kulalamika, kwani maji inayoyangoja nayo yana safari yake. Kisiwa hakina mto. Kwenye chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, maji hutoka kwenye mvua iliyozama katika mawe ya volkano ya vilima vya Chyulu, kisha yakaletwa Mombasa kwa bomba la zaidi ya kilomita 200. Baricho, visima vilivyo kando ya mto Sabaki, ndivyo vinavyotazamiwa na watu wa Kisauni. Wa Likoni wanatazamia chemchemi za Marere huko Shimba Hills na visima vya Tiwi. Yakifika, hufika kwa zamu, mara nyingi saa za usiku ambazo mtu mwema amelala. Na yakirudi baada ya siku za ukame bombani, yale ya kwanza huja na kutu na mchanga wa njiani.

Hapo ndipo mashine inapofanya kazi ambayo hakuna anayeilipa. Pale mpira wa maji unapoungwa nyuma yake pana chujio dogo, wavu wa plastiki usiozidi ncha ya kidole. Chujio hilo hukamata mchanga wote wa safari. Likijaa, maji hupita kwa matone, na mashine ikajaa kwa nusu siku. Watu humwita fundi. Fundi hufunga bomba, hufungua mpira, huchomoa wavu kwa koleo, huupiga mswaki chini ya maji, hurudisha, hudai pesa. Kazi yenyewe mtu yeyote mwenye koleo na mswaki wa zamani anaiweza. Lakini nani alijua kabla ya hapo kwamba alikuwa akipikia maji yenye changarawe? Sufuria haikusema. Birika halikusema.

Chujio likiwa safi na bado maji hayaingii, mashine inafundisha fizikia. Mashine nyingi hutaka presha isiyopungua baa 0.3. Uso wa maji tangini ukiinuka mita 1 juu ya mashine, unapata kama baa 0.1. Kwa hiyo maji yawe mita 3 juu ya valvu, kabla ya kuhesabu kinachopotelea kwenye kona za paipu nyembamba. Sasa itazame nyumba ya kawaida ya Mtopanga: tangi limekalia matofali, kimo cha dari, na mashine nayo ina kimo chake. Zinabaki mita mbili, pengine pungufu. Kwenye flati mambo ni ya kuchekesha zaidi. Mpangaji wa ghorofa ya mwisho, aliyelala na tangi juu ya kichwa chake na kulipa kodi kwa ajili ya upepo, ndiye mwenye presha ndogo kuliko wote; wa chini kabisa, anayelia mbu na joto, ndiye anayepata maji kwa kishindo.

Fundi mmoja kijana wa Mishomoroni alimweleza shangazi yangu haya kwa adabu zote. "Mamangu, mashine haina neno. Tangi ndilo liko chini."

"Mwanangu," akajibiwa, "nimekuita utengeneze mashine, ama umekuja kuniuzia ghorofa?"

Waliishia kununua pampu ndogo ya presha. Na pampu ikaleta ukweli mwingine: sasa maji yaliingia kwa nguvu hata yakaruka nje kupitia droo ya sabuni. Ikabidi bomba lifunguliwe nusu. Shangazi alitaka kujua pesa za pampu zilikwenda wapi, na mpaka leo hajajibiwa.

Nikitaja sifa za valvu, wasomaji wengine watadhani natia chumvi. Hufunguka kwa stima: koili hupata umeme, ikavuta kijiti cha chuma, maji yakapita. Lakini kujifunga hujifunga kwa msaada wa maji yenyewe, yanayokikandamiza kipande cha raba kikae mahali pake. Yaani presha ikiwa ndogo, inashindwa kufunguka vizuri na inashindwa kufunga vizuri. Chembe moja ya mchanga chini ya ile raba inatosha. Saa tisa usiku, maji ya zamu yakifika, mashine iliyozimwa hujaa yenyewe tone kwa tone. Jirani ataita ni jini. Kumbe ndiyo pekee nyumbani iliyokumbuka kuteka maji; watu wote wamelala, mitungi iko mitupu, yenyewe imejaza pipa. Ukitaka kujua kosa liko wapi, ngoja inapojaa kupita kiasi, kisha uchomoe plagi mkono ukiwa mkavu. Maji yakiendelea kuingia, valvu imekwama wazi. Yakikatika, valvu ni nzima, na anayedanganya ni kile kipimo cha maji.

Kipimo hicho nacho kinastahili ubeti wake. Kutoka chini ya pipa hupanda mpira mwembamba uliojaa hewa; maji yakipanda huibana ile hewa, swichi juu ikabonyea na kusema basi, tosha. Mpira ukitoboka, au ukizibwa na uji wa sabuni, habari haifiki. Mashine inakunywa na kunywa ikiamini haijapata kitu. Nimewaona watu wa namna hiyo kwenye vikao, wala hawavuji.

Kisha kuna ukarimu. Mashine nyingi za kwetu hukaa bafuni, na mpira wa kutolea maji hutupwa chini, mdomo ukaelekezwa kwenye tundu la sakafu. Mashine inajaza, na papo hapo maji yanajivuta nje kwa uzito wake, kwa sababu mdomo uko chini kuliko pipa. Inajaza tena, yanatoka tena. Inatoa sadaka isiyohesabu. Ukiuinua ule mpira na kuufunga ukutani, sentimita 60 hadi 100 kutoka chini, ukarimu unakwisha saa hiyo hiyo. Mashine ya mlango wa mbele hutumia kama lita 50 kwa mzunguko mmoja, yaani mitungi miwili na nusu ya mkokoteni. Mpira ukilala sakafuni, unaweza kumtajirisha mwenye mkokoteni na ukamsomeshea watoto.

Nimefika kwenye kuvuja kwenyewe, na hapa sifa zinafurika. Mashine huvuja ili kutoa ushahidi. Raba ya mlango, ile yenye mikunjo, huhifadhi kila kitu ambacho familia inakificha: sarafu za matatu, vibanio vya nywele, pini ya buibui, kijiti cha meno, mchanga wa ufuo wa Pirates, kule Bamburi, wa Jumapili iliyopita. Kijana aliyeapa kwamba alikuwa madrasa atajibu nini, mchanga wa Bamburi ukitoka kwenye mfuko wa suruali yake? Pini huikwaruza raba, raba ikachanika, maji yakatoka mlangoni. Chini mbele pana kifuniko cha chujio la pampu. Aliyekifungua kutafuta pete, akakirudisha upande, atajulikana kwa dimbwi. Aliyetia sabuni ya unga ya kufulia kwa mikono, yenye povu la kujaza beseni, atajulikana kwa povu linalotambaa hadi sebuleni. Ukitaka kumjua mvujaji, itazame saa. Maji yakitoka wakati wa kujaza, shuku mpira wa kuingizia, washa yake au droo. Yakitoka wakati wa kumwaga, shuku pampu na mpira wake. Yakitoka wakati wa kuzunguka kwa kasi, tena pamoja na mngurumo, sili ya nyuma imekwisha na beringi inaifuata.

Hiyo ya mwisho mara nyingi ni kazi ya kisima. Maji ya bomba yakikatika, watu hufulia maji ya kisima, na visima vyetu vimechimbwa katika matumbawe karibu na bahari: chumvi na chokaa. Chokaa hulivisha hita koti jeupe. Chumvi huanza polepole na kile kipande cha aluminiamu cha miguu mitatu kinacholishika pipa kwa nyuma, huku pipa la chuma kisichoshika kutu likibaki linang'aa kwa mbele. Siku kinapokatika, mashine hupiga kelele ambayo mtaa mzima wa Chaani huisikia juu ya malori ya bandarini. Hapo hata mimi sina cha kusifu ila ukakamavu. Ilifua kanzu za Idi mbili ikiwa na mguu uliooza, na hakuna aliyejua. Fundi mwaminifu atakwambia usiitengeneze. Fundi mwingine atasema ataiona kesho.

Watu husema bora mama wa kufua: ana mikono, hachomekwi ukutani, hahitaji baa 0.3. Ni kweli, na naye anastahili sifa kubwa kuliko hizi, pamoja na malipo makubwa kuliko anayopewa. Lakini hata yeye ana kasoro moja. Akikuta mfuko una mchanga wa Pirates, hukung'uta na kunyamaza.

Kwa hiyo wenye mashine kavu, zisizotoa tone wala mlio, msijivune. Hamjui tangi lenu liko kimo gani, hamjui chujio lina nini, wala hamjui Jumapili watoto walikuwa wapi. Nanyi mlio ghorofa za juu, kuanzia Bombolulu hadi Magongo, nawaomba jambo moja: mkimaliza kufua, fungeni bomba la mashine kabla ya kulala. Jirani wa chini hakuomba sifa hizi zimfikie kupitia dari.