Mtoto Kapewa Vipimo, Taabu Nimepewa Mimi

Daftari la binti yangu limerudi na agizo: mzazi amsaidie mtoto kupima vitu vya nyumbani kwa mita, kilo na lita. Mwalimu, nyumba gani hiyo? Humu kwetu chumvi hupimwa kwa kiganja, maji ya ugali kwa jicho, na mchele kwa kikombe kilichokatika mkono, ambacho mama mwenye nyumba haruhusu mtu akiguse.

Nikaona bora nimpeleke sokoni akajionee. Nyanya ni fungu, mchicha ni mkono, viazi ni sado. Sado ni kopo la rangi la lita 4 lililostaafu kazi ya kuta likaajiriwa gengeni. Binti akaligeuza, akapitisha kidole chini. Kitako kimebonyezwa ndani kama tumbo la mtu aliyefunga. "Baba, hizi hazifiki lita 4." Muuzaji hakumtazama yeye, alinitazama mimi. "Mzee, huyu umemleta kununua au kukagua?" Nikalipa upesi, tukaondoka bila nyongeza. Na nyongeza ndiyo kipimo chenyewe, ndiyo inayomrudisha mteja kesho, lakini kitabu cha Hisabati hakiitaji kabisa.

Nashukuru hatukukutana na lumbesa, lile gunia la kushonewa kilemba juu. Serikali imelipiga marufuku, Wakala wa Vipimo wanalikemea kila msimu, nalo linapanda lori kama kawaida.

Usiku ikaja ekari. Babu yake akamwambia kwenye simu: hatua 70 kwa 70, basi. Mtoto akazidisha, akapata 4,900, wakati kitabu kinasema mita za mraba 4,047. "Babu, hatua za nani?" Za mtu mzima. "Mrefu au mfupi?" Simu ikakatika. Babu anasema ni mtandao.

Sasa mtoto hatembei bila rula. Jana kaingia nayo mezani akapima nyama: kipande changu sentimita 7, cha mama yake 4. Miaka yote hiyo tumekula kwa amani, leo naulizwa mbele ya ugali nani alipakua.

Mwalimu, nasikia mada inayofuata ni saa na dakika. Nakuomba kwa heshima zote, iruke. Mke wangu bado anaamini ile "niko njiani, dakika 5 tu nimefika."