Mimi si Mjinga, Nina Nescience

Jumamosi nilimuuliza keateka wa ploti yetu hapa Parklands maji yatarudi lini. Hajui. Pampu ina nini? Hajui. Nikapandisha sauti: "Sasa wewe unajua nini?" Kabla hajafungua mdomo, kijana wa ghorofa ya tatu, anayesomea sheria hapa hapa kwenye kitivo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, akamkingia kifua. "Mzee, usimwonee. Hiyo si ignorance, ni nescience tu."

Nilidhani ametaja ugonjwa. Nikapanda ngazi na jerikeni tupu nikijiuliza kama unaambukiza.

Kumbe ni Kilatini: ne ni "si", scire ni "kujua". Scire huyo huyo ndiye aliyezaa "science". Thomas Aquinas, mwanateolojia wa Italia wa karne ya 13, alizitenga pande mbili. Nescience ni kutojua tu, basi. Ignorance ni kukosa ujuzi ambao una uwezo wa kuwa nao. Haya, keateka asiyejua habari za pampu ambayo funguo zake zinaning'inia kiunoni mwake mwenyewe, tumweke upande gani? Nilipomuuliza kijana, alikumbuka ana mtihani.

Kilichonikera zaidi ni ndugu yake neno hilo. Walatini walimwita asiyejua nescius. Neno likapita Ufaransa, likatoka huko likiitwa "nice", na lilipoingia Kiingereza yapata mwaka 1300 maana yake ilikuwa mpumbavu. Karne zikapita, likaoga, likajipaka mafuta, leo ni sifa! Kwetu safari ni ya kushuka. Maamuma ni muumini anayeswali nyuma ya imamu, mtu wa heshima zake, lakini tumemteremsha mpaka jina lake likawa la mjinga asiyejua kitu. Kiingereza kimemvisha mpumbavu kilemba. Sisi tumemvua mcha Mungu chake.

Jumapili keateka akaandika kwenye grupu la WhatsApp kwamba maji yako njiani. Mpangaji mmoja akajibu, "Nice." Wa pili, "Nice." Wakapanga safu hadi kumi na mmoja. Bomba langu likakohoa mara moja, likanyamaza.

Jumatatu ikaja barua ya mwenye nyumba, imeambatishwa hapo hapo kwenye grupu. Kabla sijapata miwani yangu, safu ilikuwa imeshasimama: Nice, Nice, Nice. Nikaifungua. Kodi inapanda kuanzia mwezi ujao. Mwenye nyumba naye akaandika, "Asanteni wote kwa kukubali."

Nikarudi juu ya safu kumtafuta aliyeswalisha. Alikuwa mwanasheria wetu wa ghorofa ya tatu. Nikashuka nikagonga mlango.

"Kijana, unajua barua ile imesema nini?"

"Sijui, mzee. Sijaifungua."

Hapo neno nililipata, na halikuwa la Kilatini.