Heko kwa Springi Ngumu

Majahazi yametungiwa mashairi, ng'ombe ana nyimbo zake za majigambo, na hata baiskeli kuukuu haikosi mpenzi. Springi ya nyuma ya pikapu imeambulia matusi. Dereva huitukana kwenye tuta, na abiria wa nyuma huitukana mara mbili: mara moja kwa ajili ya kichwa kilichogonga bomba, mara ya pili kwa ajili ya makalio. Shukrani ya punda ni mateke, na hapa anayepigwa mateke ndiye aliyebeba mzigo wote.

Itazamwe ilivyo. Ni vyuma bapa vilivyopinda kidogo, viitwavyo majani, kimoja juu ya kingine. Jani kuu limekunjwa ncha zote mbili kuwa macho, na yaliyo chini yake hupungua urefu kadiri yanavyoshuka. Senta bolti huyashika katikati, yubolti huyafunga kwenye ekseli. Springi ya koili, ile inayosifiwa na wenye magari laini, hubeba uzito tu, na lazima itafutiwe vyuma vingine vya kuishika ekseli isiyumbe. Springi ya majani hubeba uzito, huizuia ekseli isiende mbele, nyuma wala pembeni, kisha kwa msuguano wa majani yake hupunguza mdundo. Kazi tatu, mshahara mmoja, na hakuna aliyewahi kuiona ikigoma.

Ukoo wake nao si wa kubezwa. Mwaka 1804 fundi wa magari ya farasi wa London, Obadiah Elliott, alipata hataza ya kutumia springi za aina hii. Ford Model T ya 1908 ilikuwa nazo mbele na nyuma. Toyota Hilux ilizaliwa nayo Japani mwaka 1968 na mpaka leo haijaiacha. Anayeiona kuwa ni chuma cha magari ya mkaa na aulize habari za Chevrolet Corvette, gari la matajiri wapenda mbio: tangu miaka ya 1980 hadi 2019 lilitembea juu ya springi ya jani, ingawa jani lenyewe lilikuwa la nyuzi za kioo badala ya chuma.

Wanasema ni ngumu. Naam, na iwe ngumu! Pikapu ya tani moja haikuundwa kumpeleka mtu mmoja harusini. Ikiwa tupu hurukaruka kwa sababu haijapewa kazi. Ipakiwe mifuko 15 ya saruji, kilo 750, itulie kama iliyosomewa dua. Wakazi wa Dar es Salaam waliopanda chai maharage, zile pikapu za abiria zenye mabenchi, wanajua kwamba gari lilizidi kuwa laini kadiri watu walivyozidi kubanana. Na pikapu za miraa zitokazo Maua kukimbilia Nairobi, zikishindana na mzigo unaopoteza nguvu siku mbili tu baada ya kuchumwa, zingefika wapi juu ya springi zenye huruma?

Kuhusu mashtaka mengine, springi inabeba dhambi za jirani zake. Mlio wa ngwe-ngwe mara nyingi ni bushi zilizokwisha au pini ya shakeli iliyosahau ladha ya grisi. Gari likiendelea kunesa baada ya kuvuka tuta, shokapu ndiyo ihojiwe, hasa ikiwa inavuja oili. Ugumu unaotikisa meno huenda ukatoka kwenye tairi: mwenye gari amejaza upepo wa mzigo kamili, akatembea mtupu mwezi mzima, na kibandiko cha vipimo kipo mlangoni pa dereva kikingoja kusomwa. Yubolti zisipokazwa tena baada ya kilomita mia chache tangu springi ifungwe, majani huanza kuteleza, senta bolti hukatika, ekseli huhama, na pikapu hutembea upande kama kaa. Hapo fundi huinama chini, hutikisa kichwa, na kulaumu springi.

Hata makunyanzi ya barabara za vumbi imesingiziwa. Mwaka 2007 wanafizikia Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walichapisha jaribio la gurudumu lililozungushwa juu ya mchanga. Gurudumu halikuwa na springi, na makunyanzi yakatokea vilevile.

Subira yake yaonekana zaidi mbele ya waganga wa kienyeji wa gereji. Huyu huimwagia oili chafu ili inyamaze. Ikanyamaza juma moja, huku oili ikilainisha na kuharibu mpira wa bushi na kukusanya vumbi linaloyasaga majani. Yule huiongezea jani ili abebe tani mbili, akasahau kwamba ekseli, breki na tairi hazikuongezewa kitu. Wa tatu huipunguza jani ili mama watoto asilalamike, kisha siku ya kubeba mchanga ekseli hugonga chesisi. Springi haiombi dawa hizo. Inaomba kuoshwa tope, bushi mpya, grisi kwenye pini zenye nipeli, na ikichoka upande mmoja, ibadilishwe pande zote mbili.

Hata ikivunjika haiishi thamani. Chuma chake kimechanganywa kaboni na madini kama kromi au manganisi, na kikipashwa moto na kupozwa inavyopasa hushika makali vizuri. Wahunzi wanalijua hilo: sime na mapanga mengi yameanza maisha yake chini ya gari. Basi mwenye pikapu aliyeilaani springi yake miaka nenda miaka rudi anaweza kuikuta mnadani, ina mpini, imenolewa. Atapitisha kidole kwenye makali, atalisifu panga mbele ya watu, na baada ya kuvutana bei kwa nusu saa atalipa taslimu ili airudishe nyumbani.