Jinsi ya Kuchaji Gari la Umeme Gairo Bila Kugombana na Mwenye LUKU

Kwanza uwe na gari. Wengi tunaangukia Nissan Leaf ya mtumba kutoka Japani, ile yenye betri ya kilowati-saa 24. Ilipokuwa mpya Wamarekani waliipima wakaipa kilomita 117 kwa chaji moja. Yako si mpya. Pembeni mwa dashibodi kuna vipande 12 vya kuonyesha uzima wa betri; vyako vimebaki 10, na dalali alikwambia viwili vilivyokosekana ni urembo tu.

Morogoro hadi Gairo ni kilomita 130 hivi, kwa hiyo utakuwa umeshaomba umeme Dumila njiani. Kutoka hapo barabara inapanda, nawe utazima kiyoyozi, utashusha vioo na kuingia Gairo kwa mwendo wa jeneza. Wauza viazi vitamu watakukimbilia wakidhani umepunguza mwendo kwa ajili yao. Nunua. Una siku ndefu.

Sheli usipoteze muda, labda kama unataka kupiga picha. Nenda kwa kijana wa kibanda cha kuchaji simu, maana ndiye mtaalamu wa fani hii hapa mjini. Simu moja shilingi 500. Atauliza betri yako ni sawa na simu ngapi. Ukiwa mkweli utasema 1,600. Atabonyeza kikokotoo, akuonyeshe laki nane, na hatacheka.

Kwenye mashine ya kusaga watakukaribisha kwa fahari: "Bosi, hapa kuna fezi tatu!" Sawa, lakini Leaf hiyo inachukua fezi moja tu, kwa kasi ileile ya soketi ya sebuleni. Utakachopata cha ziada ni unga kwenye viti.

Kilichobaki ni gesti. Chukua chumba cha chini, chenye dirisha la kuelekea maegesho, na usiseme neno kuhusu gari mpaka umelipa. Kebo ipitishe dirishani. Ekstensheni ikunjue yote hata kama ni ya mita 20, kwa sababu ikiachwa imeviringishwa inachemka. Kila baada ya nusu saa gusa plagi kwa mgongo wa kiganja: ya uvuguvugu, endelea, ikiunguza au ikinuka plastiki, chomoa kabla hujawa habari ya mjini.

Saa mbili usiku mita ya LUKU ukutani itaanza kulia, tii, tii, tii. Mwenye gesti atatokea na kanga begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hilo gari lako linakula nini?"

Usimfiche. Kulijaza ni uniti 20 na ushee, na kwa bei ya kawaida uniti moja inazidi kidogo shilingi 350, kwa hiyo ni elfu saba na kitu. Mnunulie za elfu kumi, msomee zile namba 20 polepole, naye abonyeze mwenyewe. Kuanzia hapo utaitwa mkwe.

Ila usithubutu kwenda kwa bibi wa jirani, hata akikukaribisha kwa moyo mmoja. Yeye yuko kwenye kundi la bei nafuu, mwisho uniti 75 kwa mwezi. Ukichaji kwake mara nne umeshampandisha daraja, na wewe utakuwa umeondoka.

Kujaza kunachukua usiku mzima. Umeme utakatika saa nane, wewe ukiwa nusu. Hapo ndipo utakapokumbuka kwamba gari la umeme likishuka mlima mota yake inageuka jenereta na kurudisha chaji kwenye betri, bure, bila mita wala mama mwenye kanga. Mteremko wenyewe upo, mrefu na mzuri, kuelekea Dumila.

Wewe unakwenda Dodoma.