Uainishaji wa Awali wa Programu za Lishe Kama Zinavyoonekana Ashkhara

Somo letu ni viumbe wanaoishi ndani ya simu za wazazi, wanaodai kazi yao ni kumfanya mtoto ale vizuri. Tumewatazama Ashkhara, mji wa wavuvi kwenye Bahari ya Arabu, mkoa wa Sharqiyah Kusini, hasa katika nyumba ambazo watoto bado wanagombezwa kwa Kiswahili cha Unguja. Maabara ilikuwa mkekani, kando ya sinia.

Jenasi ya kwanza ni Wachunguliaji. Huelekezewa mistari myeusi iliyo nyuma ya pakiti, wakatoa hukumu papo hapo. Asili yao ni Ulaya: Yuka wa Ufaransa hutoa alama hadi 100, na yule wa serikali ya Uingereza aliyezaliwa mwaka 2016 alionyesha sukari kwa vipande, ili hata asiyejua gramu ashtuke. Ni viumbe makini, ila wana upofu wa kuzaliwa: kisicho na mistari hawakioni. Nguru aliyeshushwa bandarini alfajiri hana mistari. Tende za kibanda cha jirani hazina, wala mandazi ya bibi. Kwa macho yao, mtoto wa Ashkhara anaishi kwa Chips Oman peke yake, jambo ambalo, tukubali, siku nyingine ni kweli. (Asiyeijua Oman aelewe kuwa Chips Oman huvunjwavunjwa ndani ya mkate wenye jibini ya kupaka, na watu wazima wenye vyeo vyao huzila hivyo bila kuona haya.)

Jenasi ya pili, Wahasibu, ndiyo iliyotutoa jasho. Mhasibu huuliza: mtoto amekula gramu ngapi za wali? Palipo na sahani ya kila mtu, swali hilo ni jepesi. Kwenye sinia moja la watu saba, halijapata mwenye kulijibu. Mtoto huanza na upande wake. Ami humsukumia mnofu wa samaki. Khalati humega mwingine, akauchambua miiba, akamtia mdomoni. Bibi naye, aliyekulia zama ambazo unene wa mtoto ulikuwa sifa ya baba, husogeza wali upande wa mjukuu kila mama anapoinama kuandika wali uliotangulia. Kutokana na hayo tumepata Kanuni ya Sinia: kadiri mama anavyohesabu kwa uangalifu, ndivyo bibi anavyopata nafasi ya kuongeza. Bibi akionyeshwa simu hiyo hana ubishi, huuliza tu, "Mwanangu, hii imelea wangapi?"

Isitoshe, Mhasibu hana kalenda. Kuanzia 15 Agosti hadi 15 Oktoba uvuvi wa nguru umefungwa kisheria Oman, na bandari nzima inajua. Yeye bado anapendekeza salmoni. Usiku wa Qaranqasho, katikati ya Ramadhani, watoto wanapita nyumba kwa nyumba na mifuko wakijaziwa peremende na njugu, naye ameacha nafasi ya kuandika kitafunwa kimoja.

Jenasi ya tatu ni Walezi, ambao hutoa nasaha zaidi kuliko kuhesabu. Mashuhuri wao ni MINISTOP wa Sweden, mzaliwa wa Taasisi ya Karolinska. Toleo lake la pili linasema Kiswidi, Kiingereza, Kiarabu na Kisomali; Kiswahili kimeachwa bandarini. Lilijaribiwa kwa familia 552 zenye watoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, na matokeo yakatoka mwaka 2023: watoto ambao wazazi wao walilitumia walipunguza vitafunwa na vinywaji vitamu, na muda wa skrini pia, kuliko wenzao. Uzito haukutofautiana.

Jenasi ya nne, Waletaji, ambao hukaa kwenye simu hiyohiyo na kuleta baga mpaka mlangoni, tumewaacha. Hao ni adui wa asili wa wote waliotangulia.

Sasa angalia kilichopungua kule Sweden: soda na peremende, vitu vya dukani. Serikali ya Oman ililenga shabaha hiyohiyo bila kumsumbua mtu apakue chochote, ilipotoza soda ushuru wa asilimia 50 mwaka 2019, na mwaka uliofuata ikavifuata vinywaji vingine vilivyotiwa sukari. Nguru na wali wa sinia havikuwa na kesi tangu mwanzo. Mchunguliaji tuliyemcheka kwa upofu wake, basi, kumbe anaona panapostahili kuonwa, na Mhasibu mwenye macho yote anahangaika pasipo na tatizo.

Rai yetu kwa mzazi: simu ifunguliwe dukani, mbele ya rafu za soda na bisi, na izimwe kabla sinia halijatua mkekani. Na kwa waundaji wa programu, siku mtakapotoa toleo la Kiswahili, tunawaomba mumsajili bibi kwanza, mama baadaye.