Mwongozo wa Mtukufu Rais Mpya

Hongera, Mtukufu. Bendera ya mkoloni imeshushwa, yako imepanda, na bendi ya polisi imepiga wimbo mpya kwa matarumbeta yale yale. Wageni wamekwenda kulala, umebaki peke yako katika ofisi ya gavana. Kabla hujabadilisha mapazia, fungua droo.

Humo mna sheria za hali ya hatari. Najua uliahidi kuzichoma. Usithubutu! Mkoloni alizitunga kwa jasho, akazijaribu kwa binadamu walio hai, zikafanya kazi. Mzee Jomo Kenyatta alizijua kwa ngozi yake mwenyewe: alikamatwa Oktoba 1952, akahukumiwa Kapenguria, asiachiliwe hadi Agosti 1961. Mtu mwenye kinyongo angezifuta. Mzee hakuwa na kinyongo. Kufikia 1966 Kenya huru ilikuwa na sheria yake ya kulinda usalama wa umma, na kwa sheria hiyo mtu aliweza kuwekwa kizuizini bila kuiona mahakama. Jaramogi Oginga Odinga, aliyepiga kelele kuliko wengi Kenyatta afunguliwe, alikuja kuionja mwaka 1969.

Bunge usilivunje, lina viti vizuri. Litunze tu lisifikiri. Mwezi Oktoba 1975 Martin Shikuku alisimama akasema kuna watu wanataka kuliua Bunge kama chama tawala cha KANU kilivyouawa. Akadaiwa ushahidi. Naibu Spika, Jean-Marie Seroney, akaamua kwamba jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa. Baada ya siku chache wote wawili walikamatwa humo humo katika majengo ya Bunge, wakakaa kizuizini hadi 1978. Hivyo likathibitishwa.

Ikiwa wewe ni wa pili kushika kiti, una bahati zaidi, kwa sababu unaweza kuanza kwa huruma. Daniel arap Moi aliwafungulia wafungwa wa kisiasa Desemba 1978, na mwaka uliofuata watoto wa shule za msingi wakaanza kunywa maziwa ya Nyayo. Nani atamwona mbaya mtu aliyempa mtoto wake maziwa? Utumie upendo huo mapema. Kufikia katikati ya 1982 Katiba ilikuwa imepata kifungu cha 2A, chama kikawa kimoja kisheria, na vizuizini wakaanza kuingia wapangaji wapya. Septemba 1984 Moi alirudi kutoka Addis Ababa akawataka mawaziri waimbe kama kasuku, kila anapotua nao watue, kwani hata yeye enzi za Kenyatta aliimba wimbo wa Kenyatta. Huo ndio uungwana: hakuwaomba jambo ambalo yeye mwenyewe hakulifanya.

Sasa uchaguzi. Kura ya siri ina kasoro moja tu, nayo ni siri. Dawa yake ni mlolongo, uliotumika katika mchujo wa KANU mwaka 1988. Mwenye kadi ya chama anafika uwanjani na kujipanga nyuma ya wakala aliyeshika picha ya mgombea. Asiye na kadi akalime. Tazama faida zake. Chifu anaona nani kasimama wapi. Mwajiri anaona. Jirani anayekudai anaona. Anayezidi asilimia 70 anapita moja kwa moja, hakuna haja ya kuwachosha wananchi tena siku ya uchaguzi mkuu. Na mstari mfupi ukitangazwa kuwa ndio mrefu, mlalamishi ataomba nini kihesabiwe upya? Karatasi hakuna, ushahidi umeshakwenda nyumbani kupika ugali. Kenneth Matiba, akiwa waziri, aliona hesabu za aina hiyo katika uchaguzi wa chama huko Murang'a, akajiuzulu. Hayo yangesameheka. Kudai vyama vingi ndiko kulikomponza: Julai 1990, siku chache kabla ya mkutano wa Saba Saba wa kudai vyama hivyo, yeye na Charles Rubia walitiwa kizuizini.

Kuhusu mateso, chagua jengo lenye shughuli nyingi. Nyayo House iko katikati ya Nairobi, na Wakenya hupanga foleni pale kuomba pasipoti. Chini kulikuwa na vyumba vilivyomwagwa maji, washukiwa wa kundi la siri la Mwakenya wakisimama humo hadi wakumbuke makosa yao. Wengi walikumbuka vizuri mno, wakakiri mahakamani jioni jioni, bila wakili.

Waandishi nao wasikupite. Ila makachero wako wasome vitabu kabla ya kutoka na pingu. Ngũgĩ wa Thiong'o amesimulia jinsi riwaya yake *Matigari* ilivyowafanya wanakijiji wamzungumzie sana mhusika huyo, hata ikatoka amri Matigari akamatwe. Ilipobainika kuwa makazi yake ni kitabuni, mwaka 1987 kikakamatwa kitabu.

Kwa akina mama, mwongozo huu hauna dawa. Wangari Maathai aliandika barua za kupinga mwaka 1989, na jumba la ghorofa 60 lililopangwa kujengwa Uhuru Park likabaki kwenye michoro. Mwaka 1992 mama za wafungwa wa kisiasa waligoma kula katika bustani hiyo hiyo, na polisi walipowavamia kwa virungu na vitoa machozi, baadhi yao wakavua nguo. Hakuna kifungu kwenye droo kinachoeleza askari afanye nini hapo.

Sheria ya kizuizini nayo iling'olewa meno mwaka 1997, lakini kufikia hapo ilikuwa imekuhudumia miaka 31. Usihofu uzeeni. Mahakama Kuu ilipowapa fidia manusura wa Nyayo House mwaka 2010, aliyetakiwa kulipa ni serikali, yaani mlipakodi, manusura wenyewe wakiwemo. Moi alikuwa kwake, amestaafu na marupurupu yake. Alifariki Februari 2020, akazikwa Kabarak kwa mizinga 19.